Shangazi wa Lifti na Dada Yake

Fundi yule wa lifti kila mtu alimwita Shangazi, hata mabosi waliomzidi mvi. Hakuwahi kuolewa. Kazi aliijua vizuri, lakini sifa yake kubwa ilikuwa mdomo. Lifti ikikwama na mtu ndani, mafundi wengine huanza na bisibisi. Yeye alianza na salamu. Aliuweka mdomo kwenye ufa wa mlango, akauliza:

"Pole, mwenzangu. Hebu niambie, ukitoka kazini unapenda kufanya nini?"

Mtu aliyekuwa akipiga mayowe hunyamaza. Si swali unalolitegemea ukiwa umening'inia kati ya ghorofa mbili. Akianza kujibu tu, hofu inamtoka, na Shangazi anapata nafasi ya kufungua mlango kwa utulivu.

Taabu ni kwamba majibu hayo aliyatia moyoni. Mhasibu mmoja alimwambia anapiga tarumbeta. Punde si punde Shangazi naye akanunua tarumbeta, majirani wakanunua pamba za masikio. Bibi mmoja wa ghorofa za juu alimfundisha kufuma. Akafuma sweta yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, akaivaa kazini kwa madaha, na alipochekwa akasema ule mrefu ni wa kufikia vitu vya mbali. Sataranji alifungwa na kila aliyekaa mbele yake. Hata hivyo alipata marafiki kuliko bingwa mwenyewe, maana nani asiyempenda mtu anayefungwa huku anacheka?

Sebuleni kwake mgeni hakukaa kabla ya kuhamisha burudani moja kutoka kwenye kiti.

Mgeni aliyechoshwa zaidi na uhamisho huo alikuwa dada yake mkubwa, muuguzi mkuu hospitalini, mwanamke aliyenyooka kama shuka la wodi. Kila Jumapili alikuja na matunda na lawama, na matunda ndiyo yaliyokwisha kwanza.

"Mtaka yote kwa pupa hukosa yote," alisema Jumapili moja, akilisogeza tarumbeta kwa ncha ya kidole kama kitu kilichotoka chumba cha upasuaji.

"Na mtaka moja, dada?"

"Hulipata."

"Wewe umelipata lipi?"

"Mimi ni dada yako. Usinijibu hivyo."

Akainuka kuondoka, mdogo wake akamsindikiza. Wakaingia kwenye lifti ya jengo, lifti ambayo Shangazi alikuwa akiahidi kuitengeneza tangu ahamie pale. Kinyozi hajinyoi. Ikashuka kidogo, ikakohoa, ikasimama.

Shangazi alibonyeza vitufe vyote, kisha akampigia simu fundi mwenzake aliyeitwa Kimya, na jina halikumwonea. Kutoka ndani yeye hakuwa na la kufanya. Dada mtu, aliyewahi kuzalisha wanawake gizani, alikuwa amejibana kwenye kona, jasho linamchuruzika, pumzi zinapishana.

Kimya akafika. Wakasikia vyuma vikigongana juu yao, basi.

"Kimya, sema basi neno!" Shangazi akapaza sauti. "Kuna mtu anaogopa humu!"

"Subirini," likaja jibu. Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba.

Shangazi akaona hapana, akamshika dada yake mkono. "Dada, ukitoka kazini unapenda kufanya nini?"

"Napenda unyamaze."

"Na nikishanyamaza?"

Dada akafumba macho. Kikapita kimya kirefu, na kwa mara ya kwanza maishani Shangazi hakukijaza.

"Baiskeli," dada akasema. "Nilijifunza kwa siri, ya baba. Nilikuwa naweza kuachia usukani. Baba akaniona. Akasema msichana mkubwa hapandi baiskeli, akaiuza. Wewe ulikuwa bado unanyonya."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Uliniuliza lini?"

 Shangazi alijua mhasibu ambaye hata jina lake hakulikumbuka anapenda wimbo gani. Dada ambaye matunda yake aliyala miaka yote hiyo, hakujua anapenda nini. Aibu ikamchoma kuliko lawama yoyote ya Jumapili.

Kimya aliwatoa, akakunja vifaa vyake, akaenda zake.

Juma lililofuata Shangazi alitafuta baiskeli mbili za mitumba, wakaenda uwanja wa shule uliokuwa mtupu. Dada alipanda, akayumba, akashika njia kama aliyeshuka jana. Shangazi, mwanamke wa burudani zote duniani, akagundua hii hakuwahi kuigusa. Alianguka kulia, akaanguka kushoto, mara moja akaanguka kabla ya kupanda. Dada alimpaka dawa magotini kwa mikono ya kitaalamu, akicheka mpaka machozi.

Baadaye dada alijiunga na kikundi cha waendesha baiskeli, watu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni na matope hadi kwenye nyusi. Siku yao ni Jumapili.

Sasa ni Shangazi anayepiga simu. "Dada, leo huji? Hata kunigombeza?"

"Niko mlimani, mdogo wangu," anajibiwa katikati ya upepo na kelele za watu wanaocheka. "Nitakupigia."

Hapigi. Shangazi hununua matunda mwenyewe, akala peke yake, akajiuliza ni nani atakayemwambia kwamba anapoteza muda.