Wimbo Nilioutoa kwa Kemunto

Nakumbuka vizuri, mwanangu, soko la Nyakoe lilivyojaa siku niliyoimba wimbo ulionipa jina. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha juzijuzi, nami kijana mwenye majivuno, napiga obokano, ile ala yetu ya nyuzi nane, na natunga nyimbo mwenyewe. Wewe na gita lako usicheke. Hata sisi tulikuwa na wasichana waliotufuata.

Wimbo wenyewe ulitoka kwa dada yangu Kemunto, aliyeolewa Ikonge. Alinisimulia, huku akipepeta wimbi, kwamba mumewe amerudi kutoka vitani hasemi. Anakula, analima, lakini hasemi. Alilia kidogo, kisha akaendelea kupepeta. Mimi nikaona wimbo. Na desturi ya obokano ni kutaja watu kwa majina, na ukoo wao, na kilima chao, basi nikawataja wote wawili bila kumwuliza.

Sokoni watu walishangilia, wengine wakatokwa na machozi. Mwezi haukuisha, watoto wa Ikonge wakawa wanauimba mtoni kila shemeji yangu anapopita. Mwishowe alihama nyumbani kwake, akajijengea kibanda ng'ambo ya shamba, Kemunto akabaki na watoto.

Habari zilipomfikia Mzee Ombati, mwalimu wangu wa obokano, hakupiga kelele. Aliichukua ala yangu, akailaza magotini pake.

"Kupiga nilikufundisha mimi. Haya maneno ulipewa na nani?"

"Na dada yangu."

"Alikupa uimbe, ama alikupa umsaidie kubeba?"

Nilinyoosha mkono niichukue obokano yangu, akaizuia.

"Basi nenda Ikonge. Hii itabaki hapa."

Nilikwenda kwa miguu, aibu imenijaa. Kemunto alinikaribisha, "Ingia, momura ominto," yaani kaka yangu, akanisongea ugali wa wimbi, akanipa maziwa ya mgando. Nikaomba msamaha, akasema yamekwisha. Kisha akaanza kunieleza habari za mvua. Mwanangu, aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipomtembelea tulizungumza habari za mvua.

Obokano nilirudishiwa, na nyimbo nilitunga nyingi. Sikukatazi kuimba uchungu wa watu. Nakuomba tu, wimbo ukitoka kwa mtu, mwimbie yeye kwanza, mkiwa wawili. Akikataa, uache, hata kama ndio mzuri kuliko zote ulizonazo. Mungu akujalie sauti, na akujalie dada ambaye hataacha kukusimulia.