Wimbo Haushushwi

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliitamka kama mtu anayetaja ukoo wake: wimbo haushushwi. Ulivyoandikwa ndivyo utakavyopigwa. Karatasi ikisema do, sauti ya msingi, ni F, basi do ni F mpaka mwisho, hata waimbaji watokwe na mishipa ya shingo.

Mchana alikuwa karani wa ghala, jioni mpiga kinanda wa kwaya ya kanisa, na kwa ajili ya kinanda hicho watu wote walimwita Mwalimu. Kilikuwa kinanda cha umeme, chenye kitufe kidogo cha kuhamisha kii, yaani kimo cha wimbo: mpigaji anakibonyeza, anaendelea kuweka vidole palepale alipozoea, na sauti zenyewe zinashuka au kupanda. Siku kilipoletwa, Mwalimu alikifunika kitufe hicho kwa utepe mweusi wa mafundi umeme. "Huu ni mkongojo," aliwaambia wanakwaya. "Mtu mzima wa miguu hatembelei mkongojo." Msaidizi wake aliyewahi kuubandua utepe huo, ili wanawake wa sauti ya kwanza wapumue, alisimamishwa mbele ya kwaya nzima akaitwa tapeli. Aliondoka, na hakuonekana tena.

Watu waliona msimamo, wakauheshimu. Ukweli ulikuwa mwingine, na aliujua yeye peke yake: hakuweza kuhamisha wimbo. Kodi za muziki, yaani zile sauti tatu zinazopigwa pamoja ili kuubeba wimbo, alizijua kama mtoto anavyojua njia ya dukani: kona hii, ukuta ule, mlango. Vidole vilikariri mahali pa kukaa. Kwa nini ni sauti hizi tatu na si nyingine, hakuwahi kuuliza, na alipofikia umri wa kuitwa Mwalimu aliona haya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulifunika usilolijua kwa kanuni, kisha kuwapiga wengine kwa kanuni hiyohiyo.

Mwimbaji wake mkuu alikuwa mkewe. Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya ampose yeye na si mwingine. Alikuwa amemsikia kabla ya kumwona. Miaka mingi baada ya kuoana, mke alipasuliwa koo. Daktari akamwambia kwa maneno yasiyohitaji mkalimani: "Ongea. Imba polepole. Ila usipande juu kwa nguvu, mama. Ukilazimisha utabaki kunong'ona mpaka uzeeni."

Ukumbi mpya wa kanisa ulikuwa unakaribia kufunguliwa, na wimbo uliochaguliwa ulikuwa wa mke kuongoza, wenye sauti ya la ya juu katika kila ubeti.

"Baba," alimwambia mumewe jikoni, akimenya viazi, "wimbo tuushushe kidogo tu. Do iwe D. Daktari si ulimsikia?"

"Nilimsikia. Yule ni daktari wa koo, si wa muziki."

"Na mimi naimba kwa nini, kwa kiwiko?"

"Nikikushushia wewe, kesho kila mwenye mafua atakuja na do yake. Mimi ni mpiga kinanda, si muuza nyanya wa kushusha bei jioni."

Mke alicheka, kisha akashika koo. "Sikuombi kama mwanakwaya. Nakuomba kama mkeo."

"Hapo ndipo ninapokataa. Kanuni haina mke." Lilikuwa jibu zuri. Alilipenda mwenyewe, akatoka nalo mpaka uani akilirudia moyoni.

Hata hivyo alijaribu. Kesho yake aliondoka kazini mapema, akaenda ukumbini akajifungia na kinanda. Aliweka vidole kwenye F, A na C, vibonye vitatu vyeupe, nyumbani kwake. Kisha akavisogeza vyote kushoto, kila kimoja vibonye vyeupe viwili, akaangukia D, F na A. Akabonyeza. Wimbo wa shangwe ukatoka na sauti ya matanga. Akarudia. Matanga yaleyale. Akafarijika, kwa kuwa moyo mkaidi hula chochote: kumbe wimbo wenyewe unakataa kushushwa! Ukiushusha unalia!

"Shemeji, nani kafa?"

Mdogo wa mkewe, mwimbaji wa sauti ya pili na mpiga gita, alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma na ufagio mkononi. Ilikuwa zamu yake ya usafi. Mwalimu aliondoa mikono upesi kama aliyekutwa akidokoa nyama chunguni.

"Unahesabu vyeupe tu," shemeji alisema akisogea. "Hesabu vyote, vyeupe na vyeusi. Kutoka sauti ya chini mpaka ya kati ni hatua nne, kutoka ya kati mpaka ya juu ni tatu. Hiyo ndiyo kodi ya furaha, popote duniani. Ni kama familia inayohama nyumba: baba, mama na mtoto wanakaa umbali uleule waliokuwa nao. Wewe yule wa kati umemsogeza hatua moja chini ya mahali pake, ndiyo maana analia. Tazama." Akaanzia D, akahesabu nne, kidole kikaangukia kibonye cheusi, akahesabu tatu nyingine. Akabonyeza. Shangwe ikajaa ukumbini.

Mwalimu aliielewa. Hili lisemwe wazi, asije akatetewa baadaye: aliielewa palepale, ikamwingia kama ufunguo kwenye kufuli lake.

"Ukifanya mazoezi mpaka Jumapili utaupiga wote," shemeji alisema. "Ukishindwa, bandua huo utepe. Dada ataimba na koo lake litabaki zima."

"Nilikuwa nakagua kama kinanda kimeharibika," alisema Mwalimu. "Wewe fagia."

Shemeji alianza kufagia. "Kwaya yote tumekulia kwenye do re mi. Tunajua do huwekwa popote. Asiyejua ni kinanda chako, Bwana Efu."

Hilo ndilo jina walilomwita mgongoni mwake, na sasa alilipata usoni. Pengine mbele ya mkewe angelegea siku moja. Mbele ya jina hilo hakulegea.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulifurika. Ubeti wa kwanza mke aliupita kwa kujikaza kisabuni. Katika wa pili, la ya juu ilipasuka, na nyuma mtu akacheka. Ndipo shemeji, kabla dada yake hajaufungua ubeti wa tatu, alipoushika yeye, kwa do ya chini. Kwaya ikamfuata bila kuambizana. Mke akaingia katikati yao, na sauti yake ikatoka nyororo, ya zamani, ile aliyoisikia Mwalimu kabla hajamwona mwenyewe. Aliisikia safari hii pia.

Mikono yake ilikuwa bado kwenye F. Kinanda na kwaya vikagongana kama ng'ombe wawili kwenye mlango mmoja. Angeweza kunyanyua mikono na kuwaacha waimbe. Angeweza kuubandua utepe kwa ukucha. Aliongeza sauti ya kinanda mpaka mwisho, akaponda F, akapiga kelele juu ya vichwa vya watu: "F! Rudini kwenye F!"

Kwaya ikavunjika vipande, mmoja mmoja wakipanda kurudi. Mke aligeuka akamtazama. Aliliona taya lake, akafanya alichozoea kufanya tangu aolewe: alitii. Alipanda. La ikatoka na kitu kilichochanika ndani yake, kisha mdomo ukabaki wazi bila chochote kutoka. Mwalimu aliupiga wimbo mpaka beti zote zikaisha, kwa kuwa wimbo haushushwi wala haukatizwi.

"Umeniaibisha," alimwambia njiani wakirudi. Hakujibiwa. "Kumbe na kununa tunanuna?" Alitembea mbele yake mpaka nyumbani, akiamini amenuniwa.

Daktari hakugomba. Aliandika, akafunga kalamu, akasema, "Nilishasema."

Shemeji alikabidhiwa kinanda cha kanisa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuubandua ule utepe. Mwalimu alinunua kinanda kidogo cha nyumbani, akajifunza mwenyewe kile alichofundishwa na mwenye ufagio: nne, kisha tatu. Hazikupita hata wiki mbili akaweza. Sasa anaupiga wimbo ule kwa D, kwa E, popote apendapo, sebuleni, bila kukosea. Jikoni mkewe anamenya viazi, midomo ikifuata maneno. Akitaka kuwaita watoto kutoka nje hupiga kijiko kwenye sufuria, na watoto wa majirani wamekwisha kujifunza kumwigiza.

Kanuni ile ilimgharimu mkewe sauti yake, na haikurudi.