Muhogo ya kampi ya banaume

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mbele ya jua, viatu vinangaa na mafuta ya mawese, juu sikukuwa na cirage ya kuvipakala. Nilikuwa natoka tu ku secondaire, na haraka mingi: nilizani kisha mwezi moja nitakuwa chef. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati ya bazungu, hapa Kisangani. Walinitia pointeur mu kampi moja upande wa Tshopo. Pointeur njo mutu anaita majina asubui: mutu akijibu "niko", unamutilia musalaba, akinyamaza, sifuri.

Kampi ilikuwa ya banaume tupu, batu ya Yanonge, Isangi, Bafwasende, wamekuja kwa kontrat. Mwanamuke hakuweza kukaa mu ville bila permis, na permis kwake ilikuwa nguvu sana kupata. Donc bwana anakuja huku kutafuta mushahara, bibi anabaki na batoto, na pori ya kukata peke yake juu ya shamba, kazi ya banaume. Kule njala. Huku bwana anakunywa pombe ya malafu. Niliandika yote mu cahier yangu na hasira: hii mambo itaisha siku gani?

Siku zote posho ilikuwa unga, lakini ile juma walipata muhogo mubichi. Ya kwetu iko chungu. Lazima ilale mu mayi siku ine mpaka sumu itoke. Ku mugini iyo iko kazi ya bamama. Banaume wakaniuliza miye, mutu ya masomo: siku ngapi? Sikukuwa na wakati ya kufikiri.

"Moja inatosha!"

Siku ya tatu nikaita majina. Kimya. Sifuri, sifuri, sifuri. Chef de chantier, mukubwa wa kazi, akatoka mu bureau.

"Karani, batu yangu wako wapi?"

"Wanatapika, chef."

Ku mulango ya kampi mwanamuke moja alikuwa anatusikiliza: Mama Bolumbu, amepanda mto na pirogue toka Yanonge, batoto wawili ku mukono, kutafuta bwana yake Lofemba. Polisi alikuwa amemuambia: hauna permis, kisha siku tano unarudia na bateau. Na kule shamba yake ilikuwa imekufa.

"Mulitia muhogo mu mayi siku ngapi?"

"Moja, mama."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Eee, karani! Masomo yote ile, na muhogo inakushinda? Huyu mutoto wangu anajua!"

"Mama, usicheke, watakufa!"

"Hawatakufa, sumu wameitapika. Munitafutie pirogue ya zamani, mushimo haina."

Akaijaza mayi, akatia muhogo ndani, akafunika na majani. Chef akaona, akarudia mu bureau yake. Miye kila saa nafungua: imelainika? Mama anapiga mukono yangu. "Toka! Haraka yako njo ilitapisha batu!"

Siku ine zikapita. Akatwanga, akafunga mu majani, akapika kwanga, kampi yote ikanukia. Kesho yake, siku ya bateau, nikaita majina.

"Lofemba!"

"Niko! Na bibi yangu iko!"

Wakacheka wote. Sifuri hata moja. Bateau ilikuwa inapiga honi ku beach, bandari ya mto.

"Muandikie mama permis, miye nitatia sahihi," chef akasema.

"Chef, formulaire ya banamuke haina pahali ya métier, ya kuandika kazi yake. Jina ya bwana tu."

"Alors, chora mustari!"

Nikachora na règle, nikaandika: mupishi wa kampi. Bateau ikaenda bila yeye. Akacheza ku mulango na batoto yake, na kisha bamama wengine wakaanza kufika. Ile mwaka Lofemba aliacha malafu, batoto wakaingia ku masomo.

Miye nilitumwa Bafwasende, kisha Yanonge, chini ya bachef mingi. Chef sikukuwa. Lakini tangu ile siku, mbele ya kujibu mutu, nilikuwa nauliza kwanza bamama.

Siku ya pension yangu, Mama Bolumbu, nywele nyeupe sasa, aliingia mu bureau na kwanga ya moto, akaniwekea mbele ya batu yote.

"Karani, hii ililala siku ngapi?"

"Ine, mama."

"Bon. Sasa unaweza kupumuzika."