Gari Lililoombewa Kanisani

Sitaki kujitetea. Mwenye gari alinieleza kila kitu pale Kitale, na kama ningemsikiliza kwa adabu badala ya kununa, huenda nisingejiingiza katika aibu niliyojiingiza.

Alikuwa mzee wa Kisingasinga, mzaliwa wa Kitale, mwenye duka la vipuri mbele na magari ya kukodisha nyuma. Nilimwambia mimi ni muuguzi, naishi Ujerumani, nimekuja kumwona mama kwa wiki moja. Akaniuliza huko tunaendesha upande gani wa barabara. Nikamjibu, kulia. Akanivutia kiti.

"Basi wewe ni mgeni. Keti nikuambie."

"Mzee, mimi ni mtoto wa hapa. Kwetu ni hapo mbele tu, ukishaingia Bungoma."

"Wote mnaotoka huko mnasema hivyo. Afadhali Mzungu, yeye husikia."

Akaanza. Barabara ikiwa na magari, alisema, siwezi kukosea upande, maana nitafuata wenzangu. Nitakosea asubuhi nikiwa peke yangu, nikitoka kuweka mafuta, na hapo niseme kwa mdomo: kushoto, kushoto. Nikiona matawi yametupwa njiani, kuna lori limeharibika mbele. Matuta mengine hayana rangi wala kibao, lakini nikiona mama anachoma mahindi kando ya barabara, nikanyage breki, kwa sababu mama huyo huketi pale ambapo kila gari lazima lipunguze mwendo. Nisikanyage mahindi ya watu yaliyoanikwa ukingoni mwa lami. Na trekta za miwa upande wetu hazina taa za nyuma, kwa hivyo giza linikute nimefika.

Mwishowe alipiga boneti kofi la upendo. "Na wasibandike vitu hapa. Hii imebeba maharusi sana huko kwenu. Gundi ya maua inanimalizia rangi."

Hapo nilikuwa nikitazama simu. Niliwasha gari nikiwa na kiburi changu chote, nikataka kuonyesha ishara ya kukata kona langoni, na badala ya taa nikawasha waipa, jua likiwaka. Nilimwona kwenye kioo, mikono kiunoni, akitikisa kilemba.

Ukweli ni kwamba nilikodisha gari lile kwa sababu niliogopa kufika nyumbani kwa pikipiki. Miaka yote hiyo ng'ambo, na nyumba ya mama bado ni ile ile. Nilijua maneno ya kijijini. Dada yangu alikuwa ameniambia kwamba kwenye kikundi cha akina mama kuna aliyeuliza, ati huyo wa Ujerumani anaosha wazee huko au anajiosha mwenyewe tu? Watu walicheka. Mama naye alicheka nao, akaenda nyumbani mapema.

Basi nilipoingia uani na gari jeupe linalong'aa, majirani wakatoka wakipiga vigelegele. Mama alilizunguka gari pole pole. Jirani mmoja, yule yule wa swali la kuosha wazee, akanishika mkono.

"Wewe! Si umetuletea gari bana!"

"Tunamshukuru Mungu," nikasema.

Hilo ndilo jibu letu la kila kitu, na nililichagua kwa makusudi. Halisemi ndiyo, halisemi la. Niliona uso wa mama ukitulia, nikajidanganya kwamba sikudanganya.

Siku zilizofuata zilinila ndani kwa ndani. Nilimpeleka mama Bungoma mjini kununua pazia, akavaa nguo ya kanisani, akaniomba nifungue dirisha, akasalimia kila aliyemjua na wengine asiowajua. Kila nilipoona moshi wa mahindi nilipunguza mwendo, na kweli, tuta lilikuwa pale. Mama akasema, "Unaendesha vizuri, kama mtu hakutoka." Nilitamani kusimama pale pale nimwambie. Nikaongeza gia.

Ijumaa aliniambia pasta anataka kuliombea gari Jumapili baada ya ibada. Kwetu gari jipya halikai bila kuombewa, sawa na nyumba au mtoto. Usingizi ukaniruka. Nikikataa, watauliza kwa nini. Nikikubali, nitasimama mbele ya madhabahu ya Mungu na gari la mzee wa Kitale. Nikakubali.

Nililiegesha mbele ya mlango wa kanisa. Kwaya ilizunguka, watu wakaweka mikono kwenye boneti, kwenye vioo, mpaka kwenye tairi. Mama akaja na jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa akimfukuza kila mwenye kutaka kumnunua, akamweka miguuni pa pasta kama sadaka ya shukrani. Jogoo alinitazama. Nilifumba macho nikajifanya naomba, na kwa kweli nilikuwa naomba, nikiomba ardhi ipasuke. Pasta aliombea barabara, akaombea breki, akamwombea dereva sana, atoke salama na arudi kwao salama. Hakutaja mwenye gari hata mara moja. Kwa aibu niliyokuwa nayo, sikuligundua hilo wakati ule.

Siku ya kuondoka niliamka nikasikia maji. Mama alikuwa ameinama na ndoo na kitambaa, anasugua matope kwenye tairi.

"Mama, acha. Wataosha huko Kitale."

Ilinitoka kabla sijafikiri. Yeye hakuinua hata kichwa.

"Gari ya watu inarudishwa ikiwa safi," akasema. "Usituaibishe."

"Ulijua?"

"Hii si ndiyo ilileta bibi arusi wa Desemba? Mimi mwenyewe niliifunga maua hapa mbele. Ona, gundi bado iko." Akaonyesha kwa kidole alama ndogo karibu na taa. "Kanisa yote inaijua hii gari."

"Sasa mbona hamkusema?"

"Ulikuwa umeshasema tunamshukuru Mungu. Ningeongeza nini?"

"Na jogoo, mama?"

Akakamua kitambaa. "Jogoo nilitoa juu yako. Nilikuwa nimesema, siku utafika, nitamtoa. Ungekuja hata na miguu."

Nililia pale uani kama mtoto, naye akaendelea kuosha. Nilichukua kitambaa kingine nikaanza upande wa pili, lakini alikuwa amebakisha mlango mmoja tu.

Nilirudi Kitale nikisema kushoto, kushoto, ingawa barabara ilikuwa imejaa magari. Watu wote wale walikuwa wameshika boneti wakijua. Yule jirani wa ulimi mkali alikuwa ameshika kioo, macho amefumba. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani kuna siri.

Mzee alilizunguka gari mara mbili, akainama, akapitisha kidole chini ya mlango akitafuta vumbi.

"Mgeni gani anarudisha gari imeoshwa hivi? Nani ameosha?"

"Mama yangu."

Akakitazama kidole chake, kisafi. "Basi mwambie mzee wa Kitale anasema asante sana."

Nampigia mama kila Jumapili. Tunaongea juu ya mvua, juu ya pazia, juu ya vifaranga wa yule jogoo, maana pasta hakumchinja. Salamu za mzee bado ninazo mimi. Kila nikitaka kuzitoa, namwona ameinama na ndoo yake, naishia kumuuliza hali ya hewa.