Mihogo Michanga ya Mama Léonie

Kama kuna mtu aliyewahi kung'oa chakula chake kabla hakijawa chakula, ni jirani yangu Mama Léonie, hapa Rwambuzi, mjini Bunia. Namcheka mpaka leo, naye hucheka pamoja nami.

Alifika Bunia akikimbia vita vya Djugu, na watoto na jembe. Papa Hubert, mfugaji, akamwazima shamba tambarare kando ya barabara. Kodi hakutaka. Desturi ilitosha: kila mavuno, aliyeazimwa humpelekea mwenye ardhi kikapu cha kwanza, na siku ya kurudisha shamba humpelekea kikapu cha mwisho.

Halafu wakaja watu wa kiwanda cha unga wa mihogo kutafuta kiwanja. Sokoni ikasemwa wamelipenda shamba lile. Mama Léonie hakumuuliza mtu. Mwenye shamba la kuazima atauliza kwa mdomo gani? Aling'oa mihogo yote, myembamba kama vidole, akampelekea Papa Hubert kikapu cha mwisho, akashukuru huku akilia.

Mzee akashika muhogo mmoja, akaugeuzageuza.

"Mama Léonie, hii mihogo iko batoto bado. Nani alikufukuza?"

"Papa, si munauzisha shamba kwa watu ya kiwanda?"

"Waliniuliza, sijajibu. Kesho tuko na mukutano nabo. Utakuja, utakaa pembeni yangu."

Mikutanoni wenye ardhi ndio husema. Sisi tunaolima kwa kuazima hukaa nyuma na kupiga makofi. Watu wa kiwanda walipomgeukia Papa Hubert, akamwonyesha Mama Léonie kwa mkono.

"Huyu njo mwenye analimaka pale. Mumuulize yeye kwanza."

Mama Léonie akasimama.

"Kiwanda tunaipenda, siye njo tutaiuzisha mihogo. Lakini muiweke kule juu kwenye kilima ya Papa, kwenye majiwe. Kule jembe haiingii, na ngombe haipati majani."

Wakaenda kupatazama, Papa Hubert akakubali, na kiwanda kikajengwa kule juu. Miezi ile ya kungoja mihogo mipya, watoto walikunywa maziwa ya ng'ombe wake. Mungu ambariki mzee yule. Sisi tuliokimbia makwetu, nani alikuwa ametuuliza neno?

Msimu huu mihogo ni minene. Kabla ya kupeleka hata mmoja kiwandani, Mama Léonie alijitwika kikapu mpaka kwa Papa Hubert. Mzee akainua muhogo kwa mikono miwili.

"Hii njo kikapu ya mwisho?" akamtania.

"Hapana, Papa. Ni ya kwanza."