Kiapo cha Mama Mkwe

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina lilimkaa. Alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake ya vyumba viwili: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kopo la maji lililotobolewa kifuniko, na pasi mbili za mkaa zilizopokezana, moja ikifanya kazi na nyingine ikipepewa. Aliwajua watu kwa nguo zao. Alijua ni mwalimu gani anatoka jasho upande mmoja tu. Alijua pia ni bwana harusi gani, ambaye hatutamtaja, alileta suti yenye manukato ya mwanamke asiyekuwa bibi harusi. Mama Pasi alinyoosha yote akafunga mdomo.

Kila Jumapili alipiga pasi shati moja lisilokuwa la mteja. Lilikuwa la buluu, la mikono mirefu, la mumewe. Alilinyunyizia maji, akaanza na kola, akamalizia mikono, kisha akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Mumewe alikuwa amekwenda machimboni, nchi ya mbali, binti yao akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu. Mwanzoni alituma salamu na pesa kidogo kwa mikono ya watu. Kisha kimya. Majirani wakasema amepata mwanamke huko. Mama Pasi alikasirika, lakini moyoni akalipokea neno hilo, kwa sababu mwanamume mwenye mwanamke mwingine angalau yuko hai, na aliye hai siku moja atahitaji shati.

Chumba cha ndani walilala binti na mama mzazi wa yule mume, bibi kizee mwembamba mwenye ulimi mkali. Zamani bibi huyu alikuwa haachi kuuliza habari za mwanawe. Kila mpita njia aliyebeba begi alisimamishwa. Halafu, mwaka ule binti alipoanza sekondari, Mama Pasi alirudi kutoka kupeleka nguo za wateja akakuta kiti kimewekwa uani na vikombe viwili havijaoshwa.

"Nani alikuja?" aliuliza.

"Muuza dawa ya mende," alisema bibi.

Wiki hiyo hiyo bibi akashikwa na homa iliyomlaza muda mrefu. Alipoinuka, hakuuliza tena habari za mwanawe. Wala hakulitazama lile shati. Akitaka kutoka nje aliusukuma mlango kwa kiwiko, uso ameugeuzia ukutani. Mama Pasi aliona, akadhani ni uzee.

Sasa binti alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi chuoni, na pasi za mkaa, hata zikiwaka usiku na mchana, zisingeweza kulipa ada ile. Ilibaki ruzuku ya serikali, ile wanayopewa watoto wa familia zisizojiweza. Mama Pasi akavaa gauni lake la maana akaenda ofisini, akapanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi.

"Baba yake yuko wapi?" aliuliza karani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vibaya. Mama Pasi hakuacha kuitazama ile kola.

"Machimboni."

"Basi lete uthibitisho wa mapato yake."

"Mwanangu, sijui hata aliko."

"Mama, hapa kwangu kuna baba mwenye mapato na kuna baba marehemu. Baba asiyejulikana aliko sina pa kumuweka."

Nyuma yake watu walikuwa wanakohoa kwa kukosa subira. Mama Pasi aliwaza binti yake akiinamia blanketi lile lile, akipuliza mkaa ule ule mpaka macho yaishe.

"Na kama ni marehemu?" Mdomo ulisema kabla yeye hajautuma.

Kijana hakuinua hata macho. "Afisa atakuja nyumbani. Mama mzazi wa marehemu ataapa mbele yake. Lakini kama ni uongo, binti anafutwa, hapati ruzuku tena maisha yake yote, na aliyeapa atajibu mahakamani. Alikufa kwa nini?"

"Homa," alisema Mama Pasi.

Kijana akaandika. Ikawa hivyo tu: mtu aliyeoana naye, aliyemzalia mtoto, ameuawa pale kaunta, tena na mkewe mwenyewe. Njia nzima ya kurudi alikuwa anasikia baridi na jua linawaka.

Kumwambia mama mkwe ndiko kulikomtisha zaidi. Kumtamkia mzazi kifo cha mwanawe aliye hai ni uchuro wa kumfukuzisha mtu nyumba. Alimkuta anachambua mchele, akapiga magoti kabisa, akaeleza yote, akangoja matusi.

Bibi aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa.

"Wataniuliza nini?" alisema.

Basi. Hakulia, hakulaani, hakumwuliza mkwewe kama ana wazimu. Mama Pasi angeshukuru, lakini moyo ulikataa kutulia. Angetukanwa angelala.

Siku zilizofuata alimfundisha bibi maneno. Alikufa kwa homa, mama, hospitali ya huko, wakamzika huko, basi, usiongeze chumvi. Bibi aliyarudia kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha duka. Binti alikataa kusikiliza. Kila wakianza, alichukua ndoo akaenda bombani, na maji yakawa mengi nyumbani kuliko vyombo.

"Mama, baba akirudi je?" alimwuliza siku moja.

"Akirudi atakukuta muuguzi," alisema Mama Pasi, na hapo hapo akaunguza mto wa mteja.

Afisa alikuja asubuhi. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani mizito na jalada la kijani, na alimwamkia bibi kwa heshima zote. Mama Pasi alikuwa ameliondoa shati msumarini akalificha chini ya lundo la nguo za wateja, maana marehemu hapigiwi pasi. Msumari mtupu ulimtazama yeye tu.

Bibi aliapa. Afisa akafungua jalada.

"Pole sana, mama. Mwanao alifarikije?"

"Shimo lilimwangukia," alisema bibi.

Mama Pasi akakohoa kumwashiria. Bibi hakugeuka.

"Walikuwa wengi mle ndani. Wenzake walichimba kwa mikono, wakamtoa mguu kwanza. Alikuwa bado anapumua. Aliomba maji, na waliyokuwa nayo yalikuwa na tope."

Uzee umemchanganya, aliwaza Mama Pasi. Anatumaliza. Tayari alimwona binti akifutwa na bibi akipelekwa kizimbani anajikongoja, na yeye ndiye aliyewapeleka.

Afisa alishusha miwani. "Hapa imeandikwa homa."

"Aliyesema homa hajui," alisema bibi. "Mimi najua. Ngoja."

Aliinuka taratibu, akaingia chumba cha ndani. Walisikia godoro likiinuliwa. Afisa alimtazama Mama Pasi, na Mama Pasi akatazama sakafu, akihesabu moyoni njia za kuomba radhi na kukuta hana hata moja.

Bibi alirudi na kitambaa kilichofungwa mafundo. Alikifungua mezani, juu ya blanketi la pasi. Ndani mlikuwa na kibati cha namba, cha aina ile wachimbaji hutundika mlangoni wanaposhuka shimoni, na mkanda wa ngozi.

Afisa alikichukua kibati. Mama Pasi aliuona mkanda. Ulikuwa na matundu ya kiwandani, yaliyopangwa vizuri, na tundu moja lililokwenda upande, lenye kingo zilizoungua. Tundu hilo alilitoboa yeye kwa msumari wa moto, jioni ya kuamkia safari, mume akicheka kwamba amekonda kwa mawazo ya kumwacha mkewe. Aliunguza kidole siku ile, na mume akakitia mdomoni.

"Aliyeleta hivi ni nani?" afisa aliuliza polepole.

"Mwenzake wa machimboni. Mkwe wangu alikuwa amepeleka nguo za watu. Nilimpa chai, nikamwomba asirudi." Bibi alimwonyesha mkwewe kwa kidevu. "Hana kosa huyu. Hajui kitu."

Afisa alilifuta lile neno homa kwenye karatasi, akaandika mengine. Aliandika muda mrefu. Alipomaliza alisogeza jalada, akasema kwa sauti ya chini kwamba ushahidi unatosha na binti ajiandae kwa chuo.

"Mjane atasaini hapa."

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kuitwa hivyo. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno lenyewe ili asishtuke. Alisaini, na mkono wake ukaandika vizuri kama kawaida.

Afisa akaondoka. Uani binti alikuwa anamimina maji kwenye sufuria iliyokwisha kujaa, bado hajui. Mama Pasi alichomoa shati la buluu chini ya lundo. Lilikuwa limekunjamana. Alilishika tu. Alimchukia yule kizee kwa Jumapili zote zile, kwa kumwacha anyooshe mikono ya mtu aliye ardhini, na papo hapo akamwona peke yake juu ya godoro lile, miaka yote, akimlilia mwanawe bila kutoa sauti ili mjukuu asiamke. Hakujua afanye nini na vyote viwili.

"Ningekwambia ungerudi kwenu," alisema bibi. "Mtoto ungemchukua. Mimi ningebaki na nani?"

Mama Pasi aliinyoosha kola kwa kidole.

"Na sasa? Mtoto anakwenda chuo. Utaniacha?"

Mama Pasi alikaa chini, akafunika uso kwa lile shati.

"Ngoja kwanza nimlilie, mama," alisema. "Wewe ulishamlilia."