Foto ya Kilima Kisichotetemeka

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo hainitoki. Wakati wa Wabelgiji tulikuwa tunakaa hapa Majengo, mimi na bwana yangu Anselme, aliyekuwa mupiga foto. Tuliishi na mama yake, muzee ambaye miguu ilikuwa imekufa. Kila asubuhi aliangalia upande wa Masisi, alikozaliwa, akisema, "Kama ningeona kilima yangu mara moja tu."

Anselme akapanda lori mpaka Sake, akaendelea kwa miguu, akarudi na foto. Mama akaigeuzageuza.

"Hii ni kilima ya nani? Naona moshi tu. Nyumba yangu iko wapi?"

"Ni upepo, mama."

"Kilima haitetemeki na upepo, mutoto wangu," akamujibu polepole. "Angalia vizuri ni nini ilitetemeka."

Neno lile lilimuingia. Aliporudi kule, nilienda naye. Miguu mitatu ya apareyi yake ya kupigia foto hakuiweka tena kwenye majani laini; aliisimamisha juu ya mawe, akaivuta kidogo tu, isiwe mirefu. Katikati akaning'iniza kikapu cha mawe, uzito uishike. Mimi nikakinga upepo kwa kitenge changu. Hakubonyeza kwa kidole. Alikuwa na waya mwembamba wa kubonyezea kwa mbali, na bado akangoja majani yatulie. Maji hayaonyeshi chini mpaka yatulie, wazee walisema.

Kisha akainama mbele ya muko, ule muti wa maua mekundu, akapiga ua moja kwa karibu sana. Kwa karibu hivyo, mwanangu, hata pumzi ya mutu inaharibu foto. Mimi yangu niliizuia mpaka kifua kikaniuma.

Foto zikatoka safi, ungeweza kuona kila mugomba. Tulipomupa mama, kidole chake kilitembea juu ya kilima, kikatafuta, kikasimama.

"Nyumba ilikuwa hapa," akasema. "Wamelima maharagwe."

Anselme akanyoosha mukono aichukue. Mama akakataa.

"Acha. Ilinipasa kujua."

Ndipo akaona ile ya ua, na Anselme akamuambia muti wake unasimama pembeni ya maharagwe yale. "Muko hii niliipanda mimi, mbele ya mulango. Kumbe iko." Akalia kidogo, bila sauti. Foto ya ua lile alilala nayo chini ya kichwa mpaka Mungu alipomuita.

Anselme naye amekwisha kwenda. Nina foto zake nyingi za milima na maua, lakini yake mwenyewe sina. Mwenye kushika apareyi haonekani kwenye foto. Uso wake unanipotea kidogo kidogo.

Basi sikia. Ukitaka kuona vizuri, tafuta kwanza mahali pagumu pa kusimama, jipe uzito, ngoja upepo upite. Utakachoona kikikuuma, usikifiche. Na mara moja moja umupe mwenzako apareyi, akupige foto na wewe.

Mungu akupe mukono mutulivu, mwanangu, na watu watakaotamani kuuona uso wako.